Dini kwenye shule zetu za KKKT ifundishwe kwa Kiswahili jamani

Jumamosi iliyopita jumuiya ilikuwa kwetu. Walutheri wenzangu mnazijua zile za saa kumi na mbili asubuhi, watu wanakuja na kanga mabegani na kitabu chetu cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, mkononi, chai inachemka jikoni, sasa mwinjilisti akasema leo Sala ya Bwana itaongozwa na mtoto wa nyumba hii. Mwanangu akasimama. Akaanza vizuri tu, Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, halafu kimya. Akaniangalia. Bibi yake akamdokeza kwa sauti ya chini, mapenzi yako yatimizwe, mtoto akadaka akaenda kidogo, akakwama tena pale pa kusamehewa makosa, ikabidi watu wote waitikie wammalizie.

Huyu mtoto ana miaka kumi na anasoma shule ya kanisa. Ya Kilutheri, ingilishi midiamu, na ada tunailipa kwa shida lakini tunailipa kwa sababu tulitaka alelewe kwenye imani. Ripoti ya muhula uliopita somo la dini alipata alama za juu kabisa. Watu walipoondoka nikachukua daftari lake nikaangalia, nikakuta Sala ya Bwana yote imeandikwa kwa Kiingereza, mwandiko mzuri, mwalimu kaweka vema nyekundu na nyota. Kwa hiyo sala anaijua. Anaijua kwa lugha ambayo hapa nyumbani hakuna mtu anayesali nayo, kwenye jumuiya hakuna, usharikani kwetu ibada zote mbili ni Kiswahili, na bibi yake ambaye ndo anamfunika blanketi kila usiku hajui hata sentensi moja ya hicho Kiingereza.

Simsemi mwalimu, tuelewane. Mwalimu wa dini pale shuleni anajituma sana na amepewa na michezo na sanaa juu yake. Shida ni mtaala wa dini wenyewe, au niseme shida ni kwamba hakuna mtu aliyekaa chini kujiuliza mtaala wa dini wa shule ya Kilutheri unatakiwa uweje, tumechukua tu utaratibu kwamba shule ni ya Kiingereza basi kila kitu kiwe Kiingereza, mpaka maombi ya mstarini asubuhi.

Na kuna jingine liliniuma zaidi. Usiku ule nikamuuliza mwanangu, amri ya nne inasemaje? Akanijibu haraka, ile ya kuikumbuka siku ya Sabato. Bibi yake akashtuka, hapana mjukuu wangu, ya nne ni waheshimu baba yako na mama yako. Mtoto akakimbia kuleta kitabu, na kweli kitabu kinasema anavyosema yeye, maana ni kitabu cha kununua dukani, kimetungwa na watu wa dhehebu linalohesabu amri kwa namna nyingine. Sisi tunahesabu kama Wakatoliki, ile ya sanamu haijitegemei, imo ndani ya amri ya kwanza, halafu tamaa ndo inagawanywa, ya tisa na ya kumi. Waanglikana na wengi wa Kipentekoste wanaiweka ya sanamu kuwa ya pili, kwa hiyo hesabu yote inasogea. Hakuna aliyekosea hapo. Lakini shule ina jina la Kilutheri getini na mtoto anabishana na bibi yake kuhusu amri ya nne, tena akiwa na kitabu cha shule mkononi! Akifika darasa la kipaimara itabidi ayafute yote aanze upya.

Wanaosema lugha ni jambo dogo, imani ni imani tu, naomba waangalie tulikotoka. Luther alifunguliwa njia na lugha. Agano Jipya la Kijerumani alilitoa 1522, Biblia nzima 1534, na walipomlaumu kwa namna alivyotafsiri akawajibu kwa barua mwaka 1530 kwamba ukitaka kujua useme vipi nenda kamuulize mama nyumbani, watoto njiani, mtu wa kawaida sokoni, angalia midomo yao inavyosema. Mama nyumbani! Hakusema nenda kaulize chuoni.

Na Katekisimu Ndogo, kile kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani ambacho nataka kitumike shuleni, ilitoka mwaka 1529 baada ya yeye na wenzake kuzungukia sharika za Saxony na kukuta watu wamebatizwa, wanashiriki Chakula cha Bwana, lakini Sala ya Bwana hawaijui wala amri hawazijui. Kwenye dibaji akawaambia wachungaji wachague maneno ya namna moja wakae nayo, wasibadilishe mwaka huu hivi mwaka ujao vile, kwa sababu watoto wanachanganyikiwa na kazi yote inapotea. Wakishayashika maneno, ndo uwafundishe maana. Sisi tunafanya nini? Jumatatu mpaka Ijumaa maneno ya Kiingereza, Jumapili kwenye shule ya Jumapili maneno ya Kiswahili, na kitabu cha tatu chenye hesabu yake ya amri. Halafu sehemu karibu zote za katekisimu zinaanza kwa kusema hivi ndivyo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake, yaani Luther aliitunga kwa ajili ya nyumbani, shule na mchungaji ni wasaidizi. Mimi na mama mkwe wangu tutamfundishaje mtoto kitu ambacho shule imekifungia kwenye lugha ambayo bibi haijui?

Hata wamisionari wa Leipzig walioanza Machame mwaka 1893, ambao mengine yao mtu anaweza kuyalaumu na mimi nitamsikiliza, walijifunza Kichaga ili wahubiri na kufundisha nacho. Mama yake huyu bibi wa mwanangu aliijua katekisimu kwa Kimachame, bibi mwenyewe akajifunza kwa Kiswahili, mimi Kiswahili pia. Mnyororo umekatikia kwa mwanangu, na umekatikia ndani ya shule yetu wenyewe. Shule tulizokuwa nazo mwanzo serikali ilizitaifisha baada ya sheria ya elimu ya 1969, hizi za sasa nyingi tumezijenga upya kuanzia miaka ya 1990 kwa matoleo na harambee, mama zetu wametoa ndizi na mbuzi kwenye mnada wa kanisa ili madarasa yaezekwe. Kwa hiyo hapa hatuna wa kumsingizia.

Niliwahi kuligusia hili kwa mtu wa taaluma, akaniambia mzazi, wazazi wenzako wanalipia Kiingereza. Sawa, na mimi nalipia Kiingereza, nataka mwanangu akijue. Ila tunaongelea vipindi viwili vitatu kwa wiki, Hisabati itabaki Kiingereza, Sayansi itabaki Kiingereza, Kiingereza hakifi kwa sababu ya kipindi cha dini. Tena Kiswahili kinafundishwa hapohapo kama somo na kina mtihani, kwa hiyo hoja kwamba Kiswahili kitawaharibu watoto haina miguu. Wengine wanasema kuna watoto wa madhehebu mengine. Amri kumi, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana zinamdhuru mtoto gani wa Kikristo? Watoto wa Kiislamu wao wapewe kipindi chao na mwalimu wao, hilo ni haki na halihitaji mjadala mrefu.

Kinachonitisha sasa hivi ni muda. Mwanangu yupo kwenye kundi lililoanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024, maana yake wanamaliza darasa la sita 2027, mwaka mmoja na kaka zao wa la saba. Kuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, kuna mambo mengi mapya, na elimu ya msingi imepungua mwaka. Mnajua wenyewe kitakachokatwa. Mtihani wa darasa la saba tuliouzoea haukuwa na dini ndani yake, kwa hiyo kila mwalimu wa Hisabati akikosa muda anaomba kipindi cha dini, nimeona kwenye daftari la mwanangu wiki nzima haina tarehe ya dini hata moja, na nilipomuuliza akasema walikuwa na mazoezi ya mtihani. NECTA wenyewe, yaani Baraza la Mitihani, walishaacha kutangaza shule kumi bora, matokeo ya kidato cha nne ya Januari 2023 yalitoka bila orodha hiyo, sasa sisi tunakimbilia nafasi ya ngapi?

Nimeandika barua ya kupeleka kikao cha wazazi mwisho wa mwezi huu, wazazi wenzangu wanne wameshasaini. Tunaomba dini ifundishwe kwa Kiswahili kuanzia chekechea, kitabu cha msingi kiwe Katekisimu Ndogo ileile inayotumika kipaimara, vipindi vyake visiazimwe kwa somo lolote hata wiki ya mitihani, na mchungaji wa usharika aingie darasani angalau mara moja kwa mwezi. Nakala nitaipeleka na dayosisini.

Kama una mtoto kwenye shule ya kanisa, ya dayosisi yoyote, hebu leo jioni kabla hajalala mwambie aongoze Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Usimdokeze. Halafu njoo uniambie amefika wapi.