Samaki Akijibanza Pembeni, Usikimbilie Rangi Mbili

Wiki iliyopita kijana wa jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma, alipiga hodi saa moja asubuhi, kapsuli nne za rangi mbili mkononi, yaani tetrasaiklini, antibayotiki ya kuua bakteria. Samaki mmoja wa tangi lake alikuwa hali chakula, amekunja mapezi, kajibanza nyuma ya jiwe tangu juzi. "Shikamoo kaka. Nimimine ngapi?" Nikamwambia azirudishe mfukoni, twende kwanza tukayaone maji.

Nilimwambia hivyo kwa sababu mimi nilishamimina. Samaki mmoja aliumwa, nikatia dawa ya watu kwenye tangi zima, na ndani ya siku nne nikazika samaki tisa. Dawa haikuwaua moja kwa moja. Kwenye sifongo ya chujio na kwenye changarawe wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Antibayotiki haichagui. Inaweza kuua wabaya na hao wanaokutunzia maji. Kwetu Kigoma hatari ni kubwa zaidi, maana maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha uasidi wa maji) inayokaribia 9, na kwa kiwango hicho zaidi ya theluthi ya amonia iko katika ile hali inayounguza mashavu ya samaki. Kwenye maji ya pH 7 haifiki hata asilimia 1.

Halafu kuna hili ambalo wauzaji wa dawa hawakwambii. Tetrasaiklini hushikwa na kalisiamu na magnesiamu, na maji yetu ni magumu, magnesiamu imejaa. Kwa hiyo unayemimina kapsuli kwenye maji ya ziwa unapata dawa iliyopungua nguvu: haitoshi kuua vimelea vya ugonjwa, lakini inatosha kuvizoesha. Usugu wa dawa unaanzia hapo hapo. Na maji hayo utayamwaga wapi? Mitaro ya mji huu inashuka ziwani, tunakochota na kuvua dagaa na migebuka.

Sisemi antibayotiki haina kazi kwa samaki. Ipo. Vidonda vinavyochimba mwili au mapezi yanayooza vinaweza kuwa vya bakteria, na hapo samaki atengwe kwenye beseni lake lenye pampu ya hewa, apewe dozi aliyopanga mtaalamu wa mifugo au wa samaki, na imalizwe. Lakini vile vidoa vyeupe kama chembe za chumvi ni kidusa, si bakteria. Mimina kopo zima, havitaguswa.

Tulipofika kwa yule kijana, maji yalinuka. Alikuwa anawalisha dagaa wa kusaga, konzi nzima asubuhi na jioni, samaki ambao ziwani wanashinda wakikwangua mwani kwenye mawe. Mabaki yalikuwa yameoza chini ya changarawe. Tulifyonza uchafu, tukabadilisha theluthi ya maji, tukasuuza sifongo kwa maji ya tangi lenyewe, tukaacha kulisha siku mbili. Siku ya tatu samaki alitoka nyuma ya jiwe akaanza kukwangua.

Kinachoniuma ni zile kapsuli. Alizinunua dukani bila cheti, bila kuulizwa swali hata moja. Mtoto wa mtu anaweza kulazwa kesho kwa ugonjwa ambao dawa hiyo ilikuwa inautibu, ikashindwa. Ndugu zangu wauza dawa, mtu akiomba rangi mbili, muulizeni nani anaumwa. Akisema samaki, msimuuzie.