Pierre Nora na mamlaka ya kuchagua historia itakayosomwa

Mwaka 1994 mwanahistoria Mwingereza Eric Hobsbawm alitoa kitabu chake kuhusu karne ya 20, Age of Extremes. Kilitafsiriwa upesi katika lugha nyingi, lakini Wafaransa, wanaojivunia wanahistoria wao kupita kiasi, walikaa miaka mitano bila tafsiri. Miongoni mwa waliokikataa alikuwa Pierre Nora, mhariri wa historia katika shirika la uchapishaji la Gallimard. Mwaka 1997 alieleza sababu zake waziwazi katika jarida lake, Le Débat: kitabu ni kinene, kukitafsiri ni gharama, na mwandishi bado hajaachana na ndoto ya mapinduzi wakati Ufaransa imekwisha kuupa ukomunisti kisogo. Mchapishaji, alisema, apende asipende, lazima aangalie upepo wa fikra unavuma upande gani.

Tafsiri ilitoka mwaka 1999, Brussels, kwa shirika la Complexe likisaidiwa na gazeti la Le Monde diplomatique, na ikanunuliwa kwa wingi. Wasomaji walikuwepo siku zote. Kwa haki ya Nora, niseme kwamba toleo lile la jarida lilikijadili kitabu kwa kina na kumpa Hobsbawm mwenyewe nafasi ya kujibu. Wahariri wengi hukataa kimyakimya; huyu alikataa mchana kweupe. Hata hivyo alikosea, na kosa lake linaonyesha alikuwa na nguvu kiasi gani.

Nora alizaliwa Paris mwaka 1931 katika familia ya Kiyahudi ya madaktari na watumishi wa umma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiwa mtoto, alijificha na ndugu zake kwenye milima ya Vercors, karibu na Grenoble. Akasomea historia, akafundisha Oran, Algeria, kuanzia mwaka 1958 hadi 1960, vita vya uhuru vikipamba moto. Mwaka 1965 aliingia Gallimard, na hapo ndipo alipofanya kazi ambayo, kwa maoni yangu, itaishi kuliko maandishi yake mwenyewe.

Mfululizo wake wa kwanza pale, Bibliothèque des sciences humaines, ulianza mwaka 1966 na mwaka huohuo ukatoa Les Mots et les Choses cha mwanafalsafa Michel Foucault. Mwaka 1971 akaanzisha Bibliothèque des histoires. Humo ndimo kilimotoka, mwaka 1975, Montaillou cha Emmanuel Le Roy Ladurie, kitabu kilichojengwa juu ya mahojiano ya baraza la kanisa la kuwasaka wazushi mwanzoni mwa karne ya 14. Wanakijiji wa milimani wanaonekana humo wameketi juani wakitoana chawa, huku wakibishana kuhusu roho na wokovu. Kitabu cha kitaalamu kabisa kikasomwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo kikuu. Hilo halitokei bila mhariri anayewaamini wasomaji wake, na Nora aliwaamini, ndiyo maana uamuzi wake juu ya Hobsbawm unaniuma zaidi.

Kazi yake kubwa kama mwanahistoria ni Les Lieux de mémoire, yaani mahali pa kumbukumbu: juzuu saba zilizotoka kati ya mwaka 1984 na 1992, zikiwa na waandishi wapatao 130. Badala ya kusimulia wafalme na vita kwa mpangilio wa miaka, aliuliza taifa linajikumbuka kupitia vitu gani. Bendera ya rangi tatu ina makala yake, vivyo hivyo wimbo wa taifa, Marseillaise, mashindano ya baiskeli ya Tour de France, zabibu na mvinyo. Antoine Prost aliandika kuhusu minara ya mashujaa wa Vita vya Kwanza, ile iliyosimama karibu kila kijiji ikiwa na majina ya waliokufa yaliyochongwa kwenye jiwe. Ukisoma makala hiyo hutapita tena mbele ya mnara wa aina hiyo bila kusimama.

Tatizo ni himaya ya kikoloni. Katika juzuu zote saba, makoloni yalipata makala moja tu, ya Charles-Robert Ageron kuhusu Maonyesho ya Kikoloni ya mwaka 1931. Watetezi wa Nora husema alichora kumbukumbu kama Wafaransa walivyokuwa nayo, na kama makoloni hayamo, ni wao waliosahau. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kusahau kwenyewe kulistahili makala, na mtu mwenye waandishi 130 mkononi hakosi wa kuiandika. Wala hawezi kusema hakujua: kitabu chake cha kwanza, Les Français d'Algérie cha mwaka 1961, kiliwashambulia vikali walowezi wa Algeria.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumo katika pengo hilo. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Réunion ni sehemu ya Ufaransa mpaka sasa.

Waliokosa nafasi katika historia ya aina hiyo walikwenda kuitafuta bungeni. Sheria ya mwaka 2001, inayoitwa kwa jina la mbunge wa Guyane, eneo la Ufaransa huko Amerika Kusini, Christiane Taubira, ilitangaza kwamba biashara ya watumwa, ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi, ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mwaka 2005 mwanahistoria Olivier Pétré-Grenouilleau alishtakiwa kwa kauli zake kuhusu utumwa. Kitabu chake kilikuwa kimetoka katika mfululizo wa Nora. Desemba mwaka huo Nora na wenzake 18 walitia saini tamko lililodai vifungu vya sheria nne viondolewe: ile ya kuadhibu wanaokanusha mauaji ya Wayahudi, ile ya mauaji ya Waarmenia, ya Taubira, na ile ya Februari 2005 iliyotaka shule zifundishe mema ya ukoloni.

Mwandishi kuburutwa mahakamani kwa alichosema kuhusu historia ni jambo la hatari, na kesi yenyewe iliondolewa mwaka 2006. Katika hilo Nora alikuwa sahihi, na ninamheshimu kwa kutomtelekeza mwandishi wake. Ila kuziweka sheria nne kapu moja kulikuwa dhuluma, kama wengine walivyomjibu wakati uleule. Ile ya ukoloni iliwaagiza walimu wausifie ukoloni, na kifungu hicho kilifutwa mwaka 2006. Ya Taubira haina adhabu kwa anayebisha. Kifungu chake cha pili kinataka utumwa upewe nafasi unayostahili katika mitaala ya shule na katika utafiti. Nafasi hiyo Nora angeweza kuitoa mwenyewe, miaka 15 kabla ya bunge, kwa kuagiza makala tatu au nne.