Je, Kristo Mfalme Atastaafu?

Kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Nakuru linaitwa Kristo Mfalme, hivyo Novemba, Jumapili ya mwisho ya mwaka wa liturujia, shangwe huko huwa maradufu. Sikukuu yenyewe si ya kale. Papa Pius XI aliianzisha mwaka 1925. Katika jumuiya moja mtaani Section 58, mzee mmoja alisoma 1 Wakorintho 15, akauliza: "Katekista, hapa Kristo anamkabidhi Baba ufalme. Sasa mfalme wa milele anastaafu?" Watu wakacheka. Katekista hakucheka.

Alijua swali hilo liliwahi kulitikisa Kanisa. Marcellus, askofu wa Ankyra (Ankara ya leo), aliung'ang'ania mstari wa 24: Mwana anatawala kwa ajili ya wokovu, kazi ikiisha, utawala wake nao unakoma. Mwaka 336 akavuliwa uaskofu. Kanuni ya imani ya Nikea, iliyotungwa na mtaguso wa maaskofu mwaka 325, haikuwa imeligusa jambo hili. Ile ya Konstantinopoli, 381, ndiyo inayokiri kwamba ufalme wake hautakuwa na mwisho, kama malaika alivyomwambia Maria katika Luka 1:33.

Hoja ya Marcellus si ya kupuuzwa. Mstari wa 28 unasema waziwazi kwamba Mwana mwenyewe atatiishwa, ili Mungu awe yote katika wote. Wahubiri wengi huuruka, hasa msimu wa kampeni. Mfalme anayekabidhi madaraka hawapendezi wageni wa heshima waliokaa mbele.

Lakini kukabidhi si kuondoka. Kijana akimkabidhi baba magunia ya mahindi aliyovuna, hafungashi virago. Paulo anataja kinachokoma: vita. Adui wa mwisho ni mauti, na mauti ikishabatilishwa hakuna tena wa kupigana naye. Katika Ufunuo 22 kiti cha enzi ni kimoja, cha Mungu na cha Mwana-Kondoo.

Kwa hiyo nasimama na maaskofu wa Konstantinopoli wa 381, ingawa Marcellus alituachia deni: kinachodumu milele si utawala wa kuponda maadui, japo ndio tunaoupigia ngoma. Ufunuo 22:5 unakwenda mbali zaidi: watumwa wake nao watatawala milele na milele. Wachungaji wanaodai utii usiohojiwa kwa jina la Mfalme huyu sijawasikia wakiuhubiri mstari huo.