Mpima ardhi hana sare

Mwezi uliopita mwalimu wa binti yangu, darasa la nne, aliniomba nifike shuleni niwaeleze watoto kazi ninayofanya. Nilikubali kwa mbwembwe, usiku wake usingizi ukanipaa. Nimezoea kueleza mipaka ya viwanja mbele ya watu wazima waliokasirika, tena wengine wameshika mapanga. Watoto sitini wa miaka kumi ni habari nyingine.

Kabla sijasimama, mwalimu akawauliza lile swali letu la siku zote: ukiwa mkubwa unataka kuwa nani? Mikono ikapaa. Daktari. Rubani. Mwanajeshi. Daktari. Mwalimu (huyu alisema huku akimwangalia mwalimu). Polisi. Daktari tena. Nilipokuwa nasikiliza nikagundua kwamba karibu kila kazi iliyotajwa ina sare. Koti jeupe, kofia yenye nembo, kombati. Mtoto anaijua kazi kwa nguo. Sasa mimi mpima ardhi sina sare, nina buti zenye tope na mwavuli uliovunjika mbavu mbili.

Na hapa ni Morogoro, jamani. Chuo cha Ardhi kiko hapa hapa mjini, ndiko nilikosoma, na nina hakika nusu ya wale watoto wamepita getini pake. Hakuna aliyejua kinafundisha nini.

Nikaona niache hotuba niliyoiandaa. Nikawauliza: nani anajua kwamba katika mji huu kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kufundisha panya? Darasa zima likaangua kicheko, na binti yangu akainamisha kichwa kwa aibu. Lakini ni kweli. Pale SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na wengine kunusa makohozi ili kubaini kifua kikuu. Panya akipatia anasikia mlio mdogo, kisha anapewa chakula, na hivyo hivyo kwa miezi mingi mpaka anaiva. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa akapelekwa kufanya kazi Kambodia. Mwaka 2020 PDSA, shirika la Uingereza linalotibu wanyama, lilimtunuku medali ya dhahabu, na hadi anastaafu alikuwa amegundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100.

“Panya anastaafu?” akauliza mtoto wa nyuma.

Anastaafu. Tukakaa na huyo panya karibu nusu saa. Nani anamlisha? Nani anamtibu akiugua? Nani anatengeneza vizimba? Nani anaandika daftarini kwamba leo amekosea mara mbili? Nani anamkatia tiketi ya kwenda Kambodia? Kila swali likazaa kazi, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa imetajwa mwanzoni.

Ndiyo maana silipendi lile swali. Tunamtaka mtoto achague kabla hatujamwonyesha kilichopo. Akisema daktari tunampigia makofi, tukidhani ana ndoto, kumbe ametaja tu mtu aliyemchoma sindano.

Zamani jambo hili lingeweza kusubiri. Sasa haliwezi. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na sekondari imegawanyika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi. Maana yake mtoto wa miaka kumi na miwili, pamoja na wazazi wake, anafika njia panda. Atachaguaje kati ya umeme, kilimo, ushonaji na ufundi magari kama hajawahi kusimama dakika kumi karibu na mtu anayeifanya kazi hiyo akamwuliza maswali? Atachaguliwa na mjomba.

Lakini tatizo linaloniuma zaidi ni jingine. Shuleni tumeifanya kazi kuwa adhabu. Ukichelewa, fyeka nyasi. Ukipiga kelele, chota maji. Ukifeli hesabu, “utaishia kulima”, na anayesema hivyo ana heka zake mbili za mpunga kule Dakawa zinazomlipia mkopo! Mimi nilisoma shule ya msingi miaka ya 1980, tukiwa na shamba la shule. Tulilima, tukapalilia, tukavuna. Mahindi yalikwenda wapi hakuna aliyetuambia mpaka leo. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki kupanga shughuli za shamba lao, waone mahesabu na waonje matunda ya jasho lao. Sisi tulipewa jembe, mahesabu hatukuyaona. Kilichobaki kichwani mwa wengi wetu ni kwamba jembe ni la wakosaji.

Wapo watakaosema tuwaache watoto wacheze, mambo ya kazi yatawakuta tu. Nakubali kabisa, wacheze. Kumpeleka mtoto akatazame kazi si kumtumikisha, wala simtaki mtu wa miaka tisa aamue lolote.

Wala haihitaji bajeti. Karibu kila shule ina fundi cherehani umbali wa kutupa jiwe, na mama lishe anayejua kwa kichwa kilo moja ya mchele inatoa sahani ngapi na bei ya nyanya ikipanda afanyeje. Hilo ni somo la hesabu ambalo vitabu vyetu hulieleza vibaya. Wakaribisheni hao. Siku hizi treni ya SGR inapita mjini kwetu, tangu Juni 2024, na watoto wanaipungia mkono. Kuna aliyewaeleza ni watu wangapi, wa fani gani, wanaoifanya itembee? Na wageni wakija, msiwaache watoto wakae kimya kama kwenye ibada. Mimi niliulizwa nalipwa shilingi ngapi, mvua ikinyesha nafanyaje, na nikikosea inakuwaje. Hilo la mwisho lilinitoa jasho. Niliwaambia ukweli: majirani wanagombana miaka kumi.

Nilimaliza kwa kuwachorea bikoni ubaoni, ile nguzo fupi ya zege ya kuonyesha mpaka wa kiwanja, yenye chuma katikati na namba juu, nikawaomba waitafute ya karibu na kwao.

Juzi jioni, njiani, mvulana mmoja akanikimbilia akihema. “Shikamoo baba. Bikoni ya kwetu ipo! Babu huwa ananolea panga.” Nikamwuliza namba yake. Akageuka, akatoka mbio kwenda kuisoma.