Toa Waleti!

Kabla hamjamaliza kuisikiliza ile sauti ya shemeji yangu, ile ya dakika nne na nusu inayozunguka kwenye magrupu tangu jana jioni ikidai eti niliteka abiria kwa bastola na kuwalaza chini, naomba na mimi nisikilizwe. Kwanza, sikuwa na bastola. Pili, hakuna aliyelala chini. Kuna jaja mmoja, bibi mzee, aliyeinama kidogo, na hilo nitalieleza. Tatu, shemeji alikaa kiti cha nyuma kabisa, na mbele yake kulikuwa na mtu aliyepakata gunia la viazi vitamu. Huyo shahidi wenu aliona viazi.

Chanzo cha yote ni waleti.

Mnaonijua mnaikumbuka ile ya zamani. Miaka kumi na moja mfuko wa nyuma, upande wa kulia, imenona kuliko mwenyewe. Ndani mlikuwa na risiti zilizofutika maandishi, laini tatu za simu zilizokufa, picha za pasipoti za kijana mwenye nywele (ni mimi, msicheke), na kadi za michango ya harusi za watu ambao wameshaachana. Nikikaa nilikuwa naegemea kushoto kama nyumba ya udongo baada ya masika. Mgongo ukaanza kuuma, maumivu yakashuka mpaka kwenye ugoko, nikaenda kliniki. Muuguzi akaniuliza swali moja tu: "Unakalia nini?" Nikaitoa, nikaiweka mezani kwake. Akaitazama kama mtu anayetazama uvimbe.

Basi nikaamua: nataka waleti nyembamba, na isiwe ya dukani. Nataka ya kitu kilichokwisha kazi yake kikapewa kazi nyingine. Kwetu hapa Kampala hilo si jambo geni, ndala za lugabire zinachongwa kwenye matairi makuukuu tangu sijazaliwa, na Katwe kuna mafundi wanaogeuza bati kuukuu likawa sigiri wewe ukiwa hujamaliza chai. Nikampata fundi mmoja mwenye meza ya vitu vya namna hiyo, nikasimama pale kama mtu anayechagua mke.

Ya kwanza ilikuwa ya turubai la bango la kampeni. Upande mmoja ulibaki na nusu ya tabasamu la mgombea aliyeshindwa, meno sita kamili. Nikaona kila siku nitakuwa natoa nauli kinywani mwa mtu. Ya pili ya jinzi kuukuu, laini kweli, lakini mvua ya Kampala mnaijua, ingenyeshewa Jumatatu ikakauka Alhamisi. Ya mfuko wa saruji ilikuwa inalia kama kavera, mfuko wa plastiki, kila ukiigusa. Kulikuwa na ya lubugo pia, ila hiyo fundi mwenyewe alisema tusiiite chakavu: ni gome la mutuba, linabanduliwa, mti unavishwa majani ya mgomba, unaota gome jingine. Hata UNESCO waliutambua ufundi huo mwaka 2005. Nikaona haya. Kitu kinachozikia wafalme wa Buganda, mimi nikitilie noti ya elfu mbili yenye mafuta ya roleksi, chapati ya mayai?

Nikaangukia tyubu.

Ilikuwa tyubu ya lori. Nyeusi, imezidi kitambulisho kidogo tu kwa ukubwa, na unene wake ni wa biskuti. Ukiileta puani unasikia gereji nzima. Pembeni bado ina kiraka cha pancha, kiraka cha kweli, na kingo zake unaziona zilivyosuguliwa kabla ya kubandikwa. Inachukua kadi nne, na noti unazikunja mara tatu. Katikati umepita ulimi uliokatwa kwenye mkanda wa kiti cha lori, rangi ya chungwa, ukiuvuta kadi zinapanda zenyewe. Nilivuta mara kumi palepale. Fundi akanitazama kama watazamavyo watu watoto wa wenzao. Bei sitaji, mke wangu anasoma hapa.

Aliponikabidhi akaniambia: "Hii si ya kukalia, ssebo (bwana). Weka kifuani."

Nikaiweka kifuani. Kumbukeni hapo. Mimi sikukumbuka.

Jana, saa kumi na moja jioni, taksi ya Mukono. (Wa Dar, taksi huku ndiyo daladala. Wa Nairobi, ndiyo matatu yenu. Abiria kumi na wanne kwa sheria, na zaidi kwa huruma ya konda.) Nimekaa safu ya pili, dirishani, kifuani tyubu yangu, ndani kitambulisho, leseni, kadi ya benki na elfu ishirini na saba: noti nyekundu moja, kijani moja, bluu moja. Pembeni yangu kijana mwenye vipokea sauti masikioni. Safu ya mbele mama amempakata mtoto, mtoto kaniangalia mimi begani kwa mama yake, ananyonya kidole. Nyuma yangu jaja mmoja mwenye gomesi, lile gauni refu la Kiganda. Foleni ya Nakawa, mnaijua. Jua la magharibi linaingia dirishani, mpira kifuani unapata joto, na mimi nashangaa ni nani humu ndani amebeba tairi.

Kijana akapeleka mkono mfukoni kutoa simu yake. Kiwiko kikanigusa kiunoni.

Na mimi, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, nikapiga kofi mfuko wa nyuma wa kulia.

Hakuna kitu.

Sijui kama mmewahi kuupiga mfuko mkakutana na tako tupu. Nilipiga tena. Nikapiga na wa kushoto, ambao haujawahi kuwa na kitu tangu suruali ishonwe. Ile ya zamani ingejitangaza yenyewe, ingenichoma, ingeninyanyua upande mmoja. Chembamba hakikuambii kama kipo.

Sasa sikilizeni, mimi ni mtoto wa Busia, mpakani na Kenya. Luganda nakizungumza, nabishana bei nacho, naombea mkopo nacho. Lakini mtu akishtuka hutoa lugha ya nyumbani, na yangu ni Kiswahili. Nikamgeukia yule kijana, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoiagiza:

"Toa waleti!"

Akachomoa kipokea sauti kimoja. "Mm?"

"Toa waleti! Haraka! Hakuna mtu kutoka hapa!"

Ninyi mnaosoma mkiwa Tanga au Mombasa mmesikia mtu anayedai mali yake. Sawa. Sasa hamieni ndani ya taksi ya Mukono. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Baraza la Mawaziri nalo mwaka 2022 likasema kifundishwe shuleni. Taarifa hizo kwenye ile taksi hazikuwa zimefika. Humo Kiswahili kikipigwa kwa sauti kubwa kinajulikana kwa kazi mbili tu, ya askari na ya jambazi, na watu wazima waliozisikia "panda gari" na "lala chini" za miaka ile ya misako na ujambazi hawasubiri kuuliza hii ni ipi.

Kukawa kimya. Hata injini naona iliogopa.

Wa kwanza alikuwa bwana wa suti aliyekaa upande wa pili wa kijana. Akaingiza vidole viwili ndani ya koti, polepole, kama mtu anayetoa mwiba, akatoa waleti ya ngozi, akapitisha mkono mbele ya kijana na kuniwekea pajani. Kwa adabu. Kama sadaka. Nikaitazama ile waleti, sikuielewa. Nikasema, "Si wewe! Yeye!" nikanyoosha kidole kwa kijana. Lakini nyuma ya kijana, kwenye mstari uleule wa kidole changu, kulikuwa na mwanafunzi wa chuo. Akavua soksi. Ndani ya soksi mlikuwa na noti mbili zimekunjwa ukubwa wa kidonge. Akanirushia.

"Jamani, sitaki! Nataka waleti!"

Waliosikia, walisikia "nataka waleti".

Vikaanza kuja. Mkoba mdogo wa shanga. Simu, na nyuma ya kava lake elfu kumi imejificha. Dada mmoja aligeuka ukutani akatoa noti kutoka mahali ambapo sikutazama, naapa, nilitazama paa. Konda alikuwa amesimama kainama mlangoni na noti zake zimebanwa kati ya vidole kwa urefu, vile wanavyozipanga. Akainua mikono yote miwili na noti zikiwa vilevile, kama jogoo aliyetanua mkia. Halafu dereva, bila kugeuka, macho yake kwenye kioo, akauliza kwa Kiswahili safi ambacho sikujua anacho:

"Afande, nikupeleke wapi?"

Nikageuka nyuma nitafute msaada kwa shemeji. Nikaona viazi. Na mbele ya viazi, jaja. Ameinama kidogo, mikono juu, viganja vimenigeukia. Hakuwa anatetemeka. Aliinua mikono kama mtu ambaye si mara yake ya kwanza kuiinua. Kitambaa chake chenye fundo alikuwa ameshaking'ata kwenye meno, tayari kukiachia.

Hapo ndipo tumbo lilipogeuka. Nikafungua mdomo niseme kitu cha maana kwa Luganda, Luganda chote kikawa kimehama.

Na hapo, ndugu zangu, yule mtoto akatoa kidole mdomoni.

Alikuwa ameuona muda mrefu, bila shaka tangu mjini. Ulimi wa rangi ya chungwa, umening'inia nje ya mfuko wa shati langu mbele ya pua yake. Akaushika kwa kile kidole chenye mate. Akauvuta.

Mtambo ukafanya kazi kama fundi alivyoahidi. Kitambulisho changu kikapanda kutoka mfukoni, taratibu, nywele kwanza, kisha paji la uso, kisha macho yale ya picha ya 2014 ambayo kila mmoja wetu anajutia, kikasimama kifuani kikiwatazama abiria.

Kijana akakiangalia kitambulisho. Akaniangalia mimi. Akalinganisha.

"Mzee," akasema, "ni yako hiyo?"

Sikujibu. Nilikuwa na mali ya watu saba pajani.

Jaja akashusha mikono, akauliza kwa Luganda kama nimemaliza.

Basi taksi ikaangua kicheko. Sitaieleza, shemeji ameiigiza vizuri sehemu hiyo, na kile kicheko cha farasi kinachosikika kwenye sauti yake ni cha bwana wa suti, si changu. Kurudisha vitu kulichukua muda mpaka tukapita Banda, maana hakuna aliyeniamini nisimame karibu naye, kwa hiyo vilipitishwa mkono kwa mkono. Jaja hakuwa ameachia kitambaa. Alikifungua tu, akahesabu, akakifunga tena fundo. Noti nne na funguo, ukubwa wa limao. Nikawaza zile siku zote nilizokaa kwa fundi.

Kijana nilimwomba radhi mara tatu. Mara ya tatu alirudisha kipokea sauti sikioni. Namshukuru Mungu kwa jambo moja: neno "mwizi" sikulitamka. Mjini hapa neno hilo likishatoka halirudi, na waliokuwa nje kwenye foleni wangelisikia kabla ya kumwona mtoto na kidole chake. Usiku nimeliwaza hilo kuliko nilivyowaza aibu.

Nilikuwa niende Mukono. Nikasema "maaso awo", yaani nishushe hapo mbele, Kireka. Nauli konda alikataa kuipokea, akasema afande halipi. Nikapanda boda iliyonitoza nusu ya ile elfu ishirini na saba, nikafika nyumbani, mke ananisubiri mlangoni na simu mkononi, dakika ya tatu ya sauti.

Ulimi nimeukata kwa mkasi. Sasa kadi hazipandi, nazichokoa kwa kijiti cha meno. Anayesema ningerudi kwenye ile ya zamani, mgongo ni wake au wangu?

Leo asubuhi nimerudi paki, kituo cha taksi, maana kazi haina aibu. Yule konda akaniona kutoka mbali. Akaacha kuita abiria, akainua mikono yote miwili, noti zikiwa vidoleni.

"Afande! Imebaki moja, ya mbele!"

Nikapanda. Nimelipa kabla hatujaondoka, pesa mkononi, mikono ikionekana.