Nishati ya giza: tuamini taa zipi?

Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukweni Igombe, taa za wavuvi wa dagaa zinametameta ziwani kama mji mwingine. Utotoni tulikuwa tukibishana mtumbwi upi uko mbali. Jibu lilikuwa jepesi: wote walivua kwa karabai, basi iliyofifia ndiyo ya mbali. Siku hizi taa za sola zimeingia, kali kuliko karabai, na hesabu yetu imevurugika.

Wanaanga hupima hivyohivyo. Mwaka 1998 timu mbili, moja ya Saul Perlmutter, nyingine ya Brian Schmidt na Adam Riess, zilipima sapanova za aina ya Ia, nyota zinazolipuka kwa mwanga unaokaribiana. Walizikuta zimefifia kuliko walivyotarajia; yaani ziko mbali zaidi, na ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Kinachousukuma kikaitwa nishati ya giza, kama asilimia 68 ya vyote vilivyomo. Tuzo ya Nobeli ikafuata 2011, ingawa kitu chenyewe hadi leo hakuna anayekijua.

Ubishi wa sasa ni huu: je, nguvu hiyo haibadiliki, kama ile namba isiyobadilika aliyoiweka Einstein kwenye milinganyo yake ya mvutano mwaka 1917, au inapungua? Machi 2025 watafiti wa DESI, chombo kilichofungwa kwenye darubini ya Arizona, walitumia ramani ya galaksi na kwaza (viini vya galaksi ving'aavyo mno) karibu milioni 15 wakasema huenda inadhoofika. Lakini uhakika wao ulicheza kati ya sigma 2.8 na 4.2 (sigma ikiwa kubwa, ni vigumu zaidi matokeo kuwa ya bahati tu), kutegemea orodha ya sapanova iliyounganishwa na ramani hiyo, na wanafizikia hudai 5 ndipo waite ugunduzi. Hapo ndipo ninapokumbuka Igombe. Ukibadilisha taa na jibu likabadilika, ichunguze taa kwanza.

Hata hivyo upande wa pili una hoja nzito. Ukiziweka sapanova kando kabisa, ukabaki na ramani hiyo pamoja na mionzi iliyosalia tangu uchanga wa ulimwengu, bado unapata sigma 3.1. Ramani haipimi ukali wa mwanga; inapima nafasi kati ya galaksi, kama mtu anayeangalia mitumbwi imeachana kiasi gani. Kosa la karabai halifiki huko. Tatizo ni kwamba hesabu hiyohiyo inadai zamani nishati hii ilikuwa ikikolea kadiri anga lilivyotanuka, jambo linalowakera hata wanaoitetea.

Kwa leo nimebaki na namba ya Einstein, ila bila kuapa. Ile 3.1 ikipanda hadi 5 pasipo msaada wa taa yoyote, nahama.