Yanga wa Boston na Balaa la Oktoba

Kwa mtu wa Yanga, kuishi Boston ni mtihani wa rangi. Timu ya mji inaitwa Red Sox, soksi nyekundu, na kuanzia majira ya kuchipua hadi majani yanapopukutika mji mzima unavaa rangi ya Simba, ambayo sisi watu wa Jangwani hatuitaki hata kwenye kanga. Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba klabu yetu iliwahi kugomea nembo ya mdhamini kwa sababu tu ilikuwa nyekundu. Sasa mtu aliyelelewa katika imani hiyo anaanzaje kununua kofia yenye herufi B nyekundu kwenye paji la uso? Nilishangilia misimu kadhaa bila kofia wala jezi, kama mwanachama asiyelipa ada. Mungu si Athumani: mwaka 2021 timu ikatoa jezi ya njano na buluu, rangi za mstari wa kumalizia mbio za marathoni za Boston. Nikanunua. Mwaka 2025 wakatoa nyingine ya kijani, rangi ya ule ukuta mrefu wa uwanja wa Fenway. Njano na kijani, jamani! Shemeji yangu wa Temeke, Simba wa kulia machozi, alipoona picha alinitumia ujumbe wa sauti ambao ndani yake hakuna neno hata moja, ni kicheko mwanzo mwisho.

Kwa msiofuatilia besiboli nitaeleza upesi. Ligi kuu ya huku ina timu 30, na kila moja inacheza mechi 162 kwa msimu, yaani karibu kila siku. Timu 12 zinaingia hatua ya mtoano, ambayo ni shughuli ya Oktoba, na fainali yake ndiyo World Series. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga na kukimbia vituo vitatu viitwavyo besi; akirudi nyumbani, pale alipoanzia, ni pointi. Mechi ina zamu tisa za kupiga kwa kila timu, hakuna kuangalia dakika tisini. Wakilingana pointi wanaongeza zamu mpaka mmoja azidi, hata ikifika usiku wa manane. Kilichobaki ni kumchukia mtani, na hilo mtu wa Kariakoo hafundishwi.

Mtani wa Boston ni Yankees wa New York. Kisa chao kinaanzia kwenye usajili, kama visa vyetu vyote. Mwishoni mwa 1919 mmiliki wa Red Sox alimwuza Babe Ruth kwa Yankees, na habari ikatangazwa Januari 1920. Hadi siku hiyo Boston walikuwa na makombe matano ya World Series, Yankees hawana hata moja. Baada ya hapo Yankees wakaanza kubeba mpaka yakafika 27, na Boston, waliobeba mara ya mwisho 1918, wakakaa kavu miaka 86. Watu wazima na akili zao wakasema timu imelaaniwa. Kwetu kamati ya ufundi ingelimaliza suala hilo ndani ya wiki mbili. Hawa waliliacha likapita vizazi.

Laana iliondoka Oktoba 2004, na nimesimuliwa habari hiyo mara nyingi kuliko nilivyosimuliwa kuzaliwa kwangu. Msimulizi mkuu ni mzee mmoja ninayemhudumia kazini, kwenye nyumba ya kulea wazee. (Hapa unatakiwa umwite mtu wa miaka zaidi ya themanini kwa jina lake la kwanza. Ulimi wangu umekataa. Namwamkia kwa cheo cha "bwana" na yeye amezoea.) Asubuhi akishapata chai yake anapanga vipakiti vya sukari mezani: hiki besi ya kwanza, hiki ya pili, kijiko ni Mariano Rivera, mrushaji wa Yankees. Ilikuwa nusu fainali, anapita wa kwanza kushinda mechi nne. Yankees walikuwa mbele kwa mechi tatu bila, na ile ya tatu walishinda 19–8 hapo hapo Fenway. Mechi ya nne, zamu ya tisa, Boston wako nyuma 4–3, anarusha Rivera, mtu ambaye akiingia mwishoni mashabiki wa upande wa pili huanza kutafuta funguo za gari. Mpigaji wa kwanza akapewa besi ya bure, na nafasi yake akaingia Dave Roberts kwa kazi moja tu ya kukimbia. Uwanja mzima ulijua anataka kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia kabla mpira haujapigwa, Rivera mwenyewe alijua, akarusha mpira besi ya kwanza mara tatu ili kumrudisha. Hapo mzee anakisogeza kipakiti kidogo kidogo kwa ncha ya kidole, halafu ghafla anakiburuta mpaka besi ya pili na kukipiga meza kofi. Chai inamwagika, nafuta, tunaendelea. Roberts alifika, mpigaji aliyefuata akamrudisha nyumbani, ikawa 4–4, na zamu ya 12 David Ortiz wa Boston akaupeleka mpira jukwaani, mechi ikaisha. Boston wakashinda nne mfululizo, ya mwisho 10–3 New York kwenyewe. Hakuna timu nyingine katika ligi hiyo iliyowahi kutoka nyuma ya 3–0 ikapita, si kabla ya hapo wala baada yake. Wakamalizia World Series kwa kuwafunga St. Louis nne bila, na watu wakaenda makaburini kuwawekea wazazi wao magazeti na vibendera, maana walikufa wakisubiri.

Nimetaja makaburi kwa makusudi. Wabongo wengi wa huku wakikutana husema Wazungu hawana ushabiki wa damu, wanakula soseji na kupiga picha. Ni kweli wanakula soseji. Lakini mtu anayempelekea marehemu baba yake matokeo ya mpira, huyo ni wa kwetu kabisa.

Tofauti ipo mahali pengine, na nimeitafakari sana tangu mtoano wa 2025. Red Sox na Yankees walikutana raundi ya kwanza, mechi tatu, mshindi wa mbili anapita, zote New York. Ya kwanza tulishinda 3–1, na aliyefunga mlango zamu ya tisa ni Aroldis Chapman, ambaye zamani alikuwa mrushaji wao. Aliruhusu besi zote tatu zijae kabla hajamtoa mtu hata mmoja, kisha akawamaliza watatu mfululizo. Kazini siku iliyofuata tulikuwa na furaha ya harusi. Ya pili tukafungwa 4–3. Ya tatu Yankees wakamweka kijana Cam Schlittler, na kijana huyu ni wa hapa hapa: amekulia Walpole, kusini-magharibi ya Boston, na chuo kasoma Northeastern, ambapo ukitoka unatembea kwa miguu mpaka Fenway. Akarusha zamu nane bila kuruhusu pointi, wapigaji 12 aliwatoa mwenyewe bila mpira kuingia mchezoni. Tukafa 4–0. Mtoto wa Jangwani amekuua akiwa na jezi ya Msimbazi! Nilidhani mji utalia wiki nzima. Ukalia siku mbili, ukahamia kwenye mpira wao wa miguu usiochezwa kwa miguu.

Na hapo ndipo nilipoelewa jambo. Boston na New York ziko mbali kama Dar na Tanga. Mtani wa Red Sox anaishi kwenye televisheni. Akikufunga, hakuna anayekungojea mlangoni. Nenda Fenway siku wanacheza na timu ya Texas, Yankees hawapo kabisa, na bado utasikia jukwaa linaanza kuimba kuwatukana Yankees. Unamtukana mtu asiyekuwepo kwa sababu hukai naye. Ajabu ni kwamba wakiwepo, wanakaa pamoja: tiketi ina namba ya kiti, na shabiki wa New York anaweza kuwa ubavuni mwako zamu zote tisa, magoti yenu yanagusana. Kwetu ni kinyume. Uwanja wa Mkapa tunagawana, kijani na njano upande huu, nyekundu na nyeupe upande ule, ukikosea geti utajuta. Filimbi ya mwisho ikilia tunapanda daladala moja, tunarudi kwenye nyumba moja ambayo baba ni Simba, mama ni Yanga, na mpangaji wa chumba cha nyuma hataki kusema ni nani kwa sababu kodi imechelewa.

Ndiyo maana utani wetu una makali kuliko wao na bado una adabu kuliko wao. Novemba 2023 tulipowapiga 5–1, nilimpigia shemeji, hakupokea. Sikumtukana. Nilimtumia picha ya kiganja changu tu, vidole vitano, kila asubuhi, mpaka dada yake, ambaye ni mke wangu, akaniambia inatosha. Naye aliwahi kunifanyia hivyo hivyo baada ya ile 5–0 ya Mei 2012, na msiba ulipotukuta ndiye aliyeshika sufuria. Utamtukanaje matusi ya nguoni mtu ambaye kesho mtachangishana? Huku mtu anakutukana leo na hamtaonana tena maishani, hana cha kupoteza. Mwaka 2024, mechi ya nne ya World Series, mashabiki wawili wa Yankees walimshika Mookie Betts wa Dodgers ya Los Angeles mkono kwenye ukuta wa uwanja wakajaribu kumpokonya mpira kutoka kwenye glavu, mbele ya kamera za dunia nzima. Wakatolewa nje. Ukitaka kuona kitu cha Kibongo nenda Connecticut, jimbo lililo katikati: huko Red Sox na Yankees wanaoleana. Nina jamaa wa huko, kikao cha familia siku ya Thanksgiving wana sheria ya kutozungumza besiboli mpaka bata mzinga aishe.

Jambo jingine linaloniuma ni umiliki. Red Sox ni mali ya kampuni, Fenway Sports Group, hao hao wenye Liverpool. Juni 2025, Rafael Devers, tegemeo letu, alipiga homurani, mpira wa kufika jukwaani, siku tulipowafunga Yankees mechi ya tatu kati ya tatu, na jioni ile ile akauzwa San Francisco. Shabiki akifoka anafokea ukuta. Yanga au Simba, pamoja na wawekezaji na wadhamini wao, bado kuna kadi ya uanachama na mkutano mkuu, na mzee wa Mbagala anaweza kusimama na kumwuliza kiongozi, mchezaji Clatous Chama aliondokaje Msimbazi. Jibu atakalopewa ni la uongo, hilo najua, lakini ameuliza.

Sasa nije kwenye swali ninaloulizwa na vijana wetu wa huku kila Oktoba: Red Sox wakitoka, tumshangilie nani? Kwa wenyeji si swali. Unamshangilia anayecheza na Yankees. Mwaka 2024 ilikuwa raha tupu, kwa sababu Dodgers waliowafunga Yankees 4–1 walikuwa na Betts, ambaye sisi wenyewe tulimwachia mwaka 2020, na kocha wao alikuwa Dave Roberts, yule yule wa kipakiti cha sukari. Mzee wangu alikesha, na ruhusa ya kukesha hana. Mwaka 2025 Toronto wakawatoa Yankees raundi iliyofuata, na Toronto ni wapinzani wetu wa kundi moja; hakuna aliyejali, tukawa Wakanada kwa muda. Hakuna kiongozi wa serikali aliyejitokeza kutuambia tuwe wazalendo.

Kwetu Simba au Yanga akivuka kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, tunahubiriwa: hii ni ya nchi, wekeni utani pembeni. Na kila mara tunaitikia "ndiyo" halafu tunafanya yetu. Yanga tulipofika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 dhidi ya USM Alger, mashabiki wa Simba walijifunza kutamka majina ya Kiarabu kwa siku tatu. Tukalikosa kwa bao la ugenini. Simba walipofika fainali ile ile 2025 na kurudiana na RS Berkane pale Amaan, Zanzibar, ikaisha 1–1 na kombe likaenda Morocco. Huku ilikuwa asubuhi, na chai niliyokunywa ilikuwa tamu.

Wanaotuhubiria wana hoja moja ya kweli, ambayo Boston hawana. Yankees wakibeba kombe, Red Sox hawapati chochote. Simba wakifika mbali CAF, pointi zinaingia kwenye akaunti ya Tanzania, na ni pointi hizo ndizo zinazozipa klabu zetu nafasi nne badala ya mbili kwenye mashindano hayo. Yaani ushindi wa mtani unanilipia mimi nauli. Hili nalikubali kichwani, na nimewahi kumwambia shemeji kwa mdomo wangu. Moyoni halijafika. Nionavyo, hakuna mantiki ya kumwambia mtu amchukie mtani mwaka mzima, umwuzie jezi kwa chuki hiyo, umjazie uwanja kwa chuki hiyo, kisha Jumamosi moja umwambie aizime.

Nilichokubaliana na shemeji ni hiki. Simba wakicheza na Mwarabu, sitaenda airport kuwapokea wageni wala sitavaa jezi yao. Nikitaka kuwaombea mabaya nitawaombea kimya, nyumbani kwangu. Yeye kwa upande wake ameahidi kuamka saa tisa usiku kuniangalizia mechi ya Red Sox na Yankees siku nikiwa zamu ya usiku, anitumie matokeo. Kila akituma anaanza na Yankees hata wakiwa wamefungwa, na ameniambia hilo halimo kwenye makubaliano.